Nyumba Iliyovuliwa Kofia

Nilikuwa nimelala na mtoto wa siku sita kifuani nikasikia mtu anatembea juu ya nyumba yangu. Bati likabonyea, likarudi, likabonyea tena, na kila hatua ilitumwagia vumbi. Kisha nyasi zikaanza kushuka. Niliziona kupitia mlangoni, fungu baada ya fungu, zikipita mbele ya macho yangu kama watu wanaoondoka msibani bila kuaga. Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa tisa. Fungu la mwisho lilipoanguka, joto lilitushukia kama vile mtu amefungua tanuru.

Haikuchukua hata muda wa kuchemsha viazi. Mtoto alilia, na kilio sikukiogopa. Niliogopa aliponyamaza. Midomo ilimkauka, akaachia titi, shingo ikalegea kama ua la boga lililochumwa asubuhi na kusahauliwa juani. Nilimpuliza usoni, lakini pumzi yangu yenyewe ilikuwa ya moto.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba njia. Ndiyo ilikuwa kazi yake siku zile. Kwetu mzazi alikaa ndani na mtoto wake mpaka siku ya nane, siku ambayo bibi humbeba mjukuu, akamtoa mlangoni na kumwonyesha jua, watu wakala maharage na kunywa pombe ya ndizi. Kabla ya hapo mtoto haoni nje, na nje haimwoni.

"Mama, mtoto ananifia," nikamwambia. "Nipishe nitoke naye."

"Bado siku mbili."

"Hizo siku mbili atazifikia kwa pumzi ya nani?"

Alitazama juu, kwenye bati, ambako mwanawe alikuwa bado anatembea. Maana aliyekuwa anatuvua nyasi hakuwa mgambo wala mtu wa kutumwa. Alikuwa mume wangu, baba wa mtoto.

Namtaja mapema ili asije akajificha katikati ya maneno. Haya yote atayasikia, kwa kuwa miwani yake imevunjika na mimi ndiye nitakayemsomea. Sitaruka mstari. Kusoma kwangu ni darasa la tatu na kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nasoma polepole, na polepole ndiyo itamuuma zaidi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mjue nyasi zenyewe zilifikaje juu ya bati, maana nyasi hazipandi zenyewe.

Zamani tulikaa huko juu vilimani, kila mtu na migomba yake, kila nyumba na nyasi zake nene mpaka chini. Ukiingia mchana umetoka kulima, macho yanachukua muda kuona, na mwili unapoa kabla hujapata pa kukaa. Hatukuwahi kuiita hiyo ni akili. Tuliiita nyumba tu. Halafu serikali ikatuteremsha barabarani, ile barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, tukapangwa mistari. Mstari wa mbele, ule unaoonekana na wapita njia, ulipewa bati. Mstari wa nyuma uliambiwa usubiri. Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, basi nyumba yetu ikawa ya kwanza kabisa, bati kumi na nane, zinang'aa mpaka kunguru wanakwepa.

Kimo cha kuta alikipima yeye mwenyewe. Alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa, akaongeza shubiri moja, akasema inatosha. Sasa mume wangu ni mtu mwema lakini si mrefu. Nyumba nzima ilijengwa kwa kimo cha balozi, na bati likatukalia utosini kama kifuniko cha chungu.

Masika hatukuona neno, ila kelele za mvua. Kiangazi kilipoingia ndipo tukajua tumehamia wapi. Kuanzia saa tano mchana huwezi kukaa ndani. Asubuhi nako, kwa kuwa huku kwetu alfajiri kuna baridi, lile bati lilikuwa linadondosha umande kitandani. Kwa hiyo mchana tunaokwa, alfajiri tunanyeshewa, na nyumba ni ya kisasa. Kuku ndio waliotangulia kuhama. Walikataa kutagia ndani, wakaenda zao kwenye migomba. Mimi nina darasa tatu na kuku hana hata moja, lakini yeye alielewa kabla yangu.

Nilianza na maji. Nilinyunyizia sakafu, nikarusha mengine juu ya bati kwa kata. Yalilia chaa, yakapotea. Mto ulikuwa mbali, na mtungi mmoja ulinipa ubaridi wa muda wa kuvuta ugoro. Nikaacha.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa mstari wa nyuma, mama mmoja aliyetoka ng'ambo, Burundi, akikimbia mambo ya kwao. Alinikuta nimekaa nje kwenye kivuli cha ghala langu la mtama, kihenge cha kufuma kilichosimama juu ya mawe. Kofia ya kihenge, ile ya nyasi, hukaa juu ya vijiti, haigusi mtama, upepo upite chini yake nafaka isipate joto na wadudu. Akatazama kihenge, akatazama nyumba yangu, akacheka.

"Dada, mtama wako umevaa kofia," akasema, "ninyi wenyewe mnalala vichwa wazi."

Alisema kwa utani. Mimi sikulala.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilitandaza nyasi moja kwa moja juu ya bati, zikanywa umande, zikanuka, upepo ukazisukuma zote upande mmoja, na nyumba ikawa kama mlevi aliyeinamisha kofia. Majirani walikuja kutazama. Waliuliza kama bati linaumwa mpaka nimelifunika blanketi. Mara ya pili nikafanya kama kihenge. Nikapanga vipande vya mianzi juu ya bati, vya unene wa ngumi, nikalaza fito juu yake, nikazifunga kwa kamba za migomba, kisha ndipo nyasi. Kati ya nyasi na bati pakabaki uwazi wa kupita paka, na upepo ukawa unaingia kwenye mchirizi na kutokea juu kwenye mgongo wa paa. Nilifanya kazi hiyo nikiwa na mimba ya miezi sita, na mwenye nyumba amekaa chini ananishikia ngazi na kunishauri nisianguke.

Siku ya pili yake, saa saba mchana, niliingia ndani, nikainua mkono, nikalishika bati kwa ndani. Sitasema lilikuwa baridi, sipendi kudanganya. Lakini mkono ulikaa. Jana yake usingekaa.

Balozi kwanza alinuna. Alisema watu watamcheka kwamba amepewa bati na mkewe amelirudisha vilimani. Nikamwambia aingie apumzike kidogo tu, dakika mbili. Aliingia baada ya kula, akalala, akakoroma mpaka mkutano wa nyumba kumi ukaanza bila mwenye mkutano. Toka siku hiyo kofia ikawa wazo lake. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaeleza wanaume wenzake kwamba alikuwa amelifikiria siku nyingi, ila alingoja apate muda. Nikamwacha. Nilikuwa na ubaridi, sifa abaki nazo.

Kabla mwezi wa nane haujaisha, mstari mzima wa mbele ulikuwa umevaa kofia. Ukisimama barabarani unaona kuta mpya na nyasi, nyasi na kuta mpya, na mchana kweupe watu wamo ndani ya nyumba zao wanazungumza. Kuku wakarudi. Mimi nikajifungua mtoto wa kike mwanzoni mwa mwezi wa tisa, katika nyumba iliyotulia, na mama mkwe akanyoosha miguu yake mlangoni kuhesabu siku nane.

Siku ya tano akaja Bwana Maendeleo, afisa wa serikali wa mambo ya maendeleo.

Jina lake silitaji, lakini mwenye baiskeli yenye kengele mbili anajijua, na wa Kasulu wote wa umri wangu wanamjua. Kengele moja ilikuwa ya kusalimia watu na nyingine ya kuwafukuza njiani. Alivaa suti ya mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kalamu, na sikuwahi kumwona akiandika. Hakuwa mtu mkali. Ndiyo maana sijamsahau. Mtu mkali unamkumbuka kwa kelele, huyu alizungumza taratibu, anatabasamu, kama anakuombea heri. Nilikuwa kitandani, nikamsikia dirishani akimweleza mume wangu kwamba baada ya siku tatu atapita mgeni mkubwa kwenda Kibondo, na kwamba alipoitazama barabara yetu amepata aibu.

"Ndugu balozi, mmepewa bati, mmelificha," akasema. "Mgeni akiona nyasi atajua mmeliuza."

Mume wangu, kwa heshima yake, alisema bati lipo, mgeni anaweza kuinama akachungulia. Bwana Maendeleo akacheka vizuri kabisa, akasema mgeni wa namna ile hainami. Nyasi zishuke zote, na bati lisuguliwe ling'ae. Mume wangu akasema, na hapa namshukuru kidogo, kwamba mkewe amejifungua, yuko ndani na kichanga, angeomba nyumba yake ingoje mpaka siku ya mwisho.

"Mzazi yuko ndani," Bwana Maendeleo akamjibu. "Bati liko nje. Hayo ni mambo mawili."

Balozi akasema ndiyo.

Halafu sikilizeni hili. Jua lilipopanda, Bwana Maendeleo aliomba mahali pa kupumzika. Mwenyekiti wa kijiji alimwonyesha chumba chake cha mbele, chini ya bati alilokuwa amekwisha kulivua kofia asubuhi ile, na kitanda kimetandikwa shuka. Alikaa humo muda mfupi, akatoka anajifuta shingo, akauliza lile jiko la nyuma ni la nani. Jiko la mwenyekiti lilikuwa bado la nyasi, kwa kuwa halionekani barabarani. Humo ndimo alimolala siku zote tatu za maandalizi yale, kwenye mkeka, kando ya mafiga. Mke wa mwenyekiti alikuwa anapika nje juani ili asimwamshe.

Basi kesho yake, siku ya sita ya mtoto wangu, mume wangu akapanda juu.

Nimekwisha wasimulia shingo ilivyolegea na mama mkwe alivyotazama juu. Alitazama muda mrefu. Alikunja miguu yake, mmoja halafu mwingine, na magoti yakalia. Hiyo ilikuwa ruhusa yangu. Nilimfunika mtoto kanga ya bibi yake na nikatoka naye nje kabla ya siku zake, bila bibi kumbeba, bila mtu kupiga vigelegele, mbio kama mwizi wa kuku, mpaka katikati ya migomba.

Nililaza majani ya mgomba chini, nikamlaza juu yake uchi. Nililowesha kanga kwa maji ya mtungini nikamfuta kichwa, kwapa, nyayo. Nikamkamulia maziwa mdomoni tone kwa tone, nayo yakatoka upande wa pili. Nilikamua tena. Sikulia, sikuwa na maji ya kupoteza. Kivuli kilikuwa kimevuka mashina mawili ya migomba ndipo nikaona koo lake linameza. Akashika titi. Aliuma kwa fizi, kwa hasira, na sijapata kuumwa vizuri namna ile tena maishani.

Nilipoinua macho, mume wangu alikuwa amesimama juu ya nyumba ametuona. Mkononi ana kitambaa cha nyuzi za mgomba na majivu yaliyochanganywa na mchanga, maana ndivyo walivyoambiana kwamba bati husuguliwa kama sufuria. Tukatazamana. Mimi niko chini, yeye yuko juu. Kisha akainama, akaendelea kusugua.

Baadaye alisema alidhani tumetoka kupunga upepo. Haya. Nilimwambia pole kwa kazi. Makalio yake yalikuwa yameungua kwa kukalia bati, akalala kifudifudi siku mbili, na mafuta ya mawese nilimpaka mimi. Sikumpaka kwa upole.

Mgeni alikuja siku ya nane. Ndiyo, ile ile siku ambayo mwanangu alitakiwa kutolewa nje. Maharage niliyoweka hayakupikwa, kwa sababu watu wote waliitwa kupanga mistari barabarani, na mama mkwe alipokumbushwa alisema mtoto amekwisha kutoka mwenyewe, sasa amtoe mara ya pili kama mbuzi wa malisho? Alisema kwa uchungu, si kwa ubaya. Alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko mimi.

Mimi nilikuwa migombani na mtoto, hatua kama kumi nyuma ya nyumba. Bwana Maendeleo alikuwa ametuma neno kwamba walio migombani wasijionyeshe. Gari likaja na vumbi lake. Likasimama mbele ya nyumba yangu, ya kwanza. Mgeni akashuka, akaweka faili juu ya macho, maana bati lilimpiga mwanga usoni mpaka akageuka pembeni. Mlango wangu ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Milango yote ilikuwa wazi na ndani hamna mtu. Mgeni hakuwa mjinga. Nilimsikia anauliza watu wa nyumba hizi wanakaa wapi mchana.

"Wako shambani, mheshimiwa," Bwana Maendeleo akasema.

Hapo mwanangu akalia. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa ameiweka akiba tangu siku ya sita. Mgeni akageuza kichwa kuelekea migombani.

"Na hiyo?"

"Mbuzi, mheshimiwa," akasema Bwana Maendeleo.

Mgeni akapanda gari. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kunyonyesha.

Nyasi zetu zilikuwa zimechomwa moto siku ya saba kama takataka, na nyasi nyingine zisingepatikana mpaka mvua zije. Kiangazi kilichobaki tulikimaliza chini ya migomba, mstari mzima, tumeziacha nyumba zing'ae zenyewe. Mvua zilipokuja, zile bati zilizosuguliwa kwa mchanga, zilizovuliwa ile ngozi inayozuia kutu, zikaanza kugeuka rangi ya chai. Mwaka uliofuata zilitoboka. Nyumba za mstari wa nyuma, zilizopewa bati baadaye na hazikusuguliwa na mtu, zinasimama mpaka leo.

Mume wangu hajawahi kusema neno la samahani. Ila kiangazi kilichofuata niliamka nikakuta fito zimekatwa, mianzi imepangwa, na yeye yuko juu anafunga kofia mpya bila kuombwa, na mara hii mimi nilikaa chini nikashika ngazi na kumshauri asianguke. Yeye nimekwisha malizana naye. Namtania tu, kila kiangazi.

Sijamalizana na mwingine. Alihamishiwa Kibondo, akapanda cheo, akastaafu. Mwaka jana nilimkuta pale sokoni Kibondo ananunua viazi, nywele zimekuwa nyeupe, bado anatabasamu. Nilimsalimia shikamoo, nikamkumbusha. Alisema, "Mama, hayo ya zamani. Tulikuwa tunajenga." Nikamuuliza anakaa wapi siku hizi. Akanieleza kwa furaha, na nikapita nikaiona: nyumba ya bati, ndani ina dari, nje ina miti pande mbili, na uani, naapa, kuna kibanda cha nyasi chenye kiti kimoja.

Nisingeandika kama ingekuwa mimi tu. Lakini yule mbuzi sasa ni mtu mzima, amepanga chumba Kasulu mjini, bati liko shubiri moja juu ya kichwa, hakina dari, na ana mimba, atajifungua mwezi wa tisa, kiangazi kile kile. Nilikwenda na fito zangu. Mwenye nyumba alinirudisha mlangoni. Alisema nyasi juu ya bati ni ushamba, zinaharibu sura ya nyumba. Ni kijana, hakuzaliwa siku ile. Lakini maneno yale nilijua yametoka kinywa gani.

Basi wewe mwenye kengele mbili, njoo Kasulu. Kitanda cha mwanangu kiko chini ya bati, nitakutandikia. Utakaa humo kuanzia saa sita mpaka saa kumi, mlango nitauziba mimi kwa miguu yangu. Ukitoka, kwanza umwambie mwenye nyumba yule ulilala wapi zile siku tatu. Halafu umgeukie mwanangu, umtazame usoni, na umjibu yeye, si mimi: siku ile kutoka migombani ulisikia nini?